Wifi, Niletee Sindano

Kwa vipimo vya Uingereza mimi ni mnene, Mbegani nimenawiri. Nikifika nyumbani, jirani na chuo cha uvuvi, wa kwanza kunilaki husema Ulaya imenikubali, tena husema kwa furaha, maana pwani yetu mtu akipungua ghafla huulizwa anaumwa nini. Nimevuka hamsini, hedhi imekoma, na majibu ya damu yameonyesha lehemu imepanda. Daktari hakunishangaa. Mwanamke akifikia umri huu homoni ya estrojeni hushuka na lehemu mbaya hupanda, hata kama sahani yake ni ileile ya miaka yote. Basi nikamuuliza swali linaloulizwa na wenzangu wote wa rika hili huku mjini Reading: nastahili sindano ya kukondesha?

Jibu linategemea mlango unaoubisha. NHS ya England ilianza kutoa Mounjaro kupitia zahanati za kawaida tarehe 23 Juni 2025, ikaanza na wenye hali nzito: uwiano wa uzito na urefu usiopungua 40, pamoja na magonjwa manne kati ya matano, yaani kisukari aina ya pili, presha, ugonjwa wa moyo na mishipa, kukatika pumzi usingizini, na lehemu. Sisi wenye asili ya Afrika tulipunguziwa, tukahesabiwa kuanzia 37.5, kwa kuwa kisukari hutuwahi tukiwa na uzito mdogo zaidi. Mimi nina 29 na ugonjwa mmoja. Hapo sina changu. Mlango wa pili ni wa duka la dawa la kulipia: huko mtu anaweza kupewa akiwa na 30, au hata 27 iwapo ana tatizo linaloambatana na uzito. Lehemu ni mojawapo. Kwa hiyo damu ileile isiyotosha kunipa dawa bure inatosha kabisa kuniruhusu niinunue.

Mlango wa bure utapanuliwa polepole, na mpango wenyewe umekadiriwa kuweza kuchukua hadi miaka 12. Watu wa Mbegani, wanaosubiri bandari ambayo mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2013, foleni ya namna hiyo wataielewa bila kufafanuliwa.

Na bei? Septemba 2025 kampuni inayoitengeneza, Eli Lilly, ilipandisha bei ya Uingereza, dozi kubwa kabisa ya mwezi ikatoka pauni 122 hadi 330. Maduka hupunguza kidogo, lakini pauni 330 ni zaidi ya shilingi milioni moja, wakati kima cha chini cha mshahara serikalini Tanzania kilipandishwa mwaka huohuo hadi shilingi 500,000. Kalamu moja ya plastiki, mishahara miwili ya mtumishi.

Wifi yangu hesabu hiyo hana habari nayo. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, kibua wameshabanikwa wanasubiri kupakwa, akaniambia bila kuinua uso: "Wifi, ukija tena niletee hizo sindano za kukondesha. Hapa wenye pesa wanakwenda hospitali ya Mloganzila kuwekewa puto tumboni, sisi wengine tutangoja nini?" Nikamuuliza kama amewahi kupima lehemu. Presha amepima, sukari amepima. Lehemu? "Mimi siumwi." Akakamua tui la kwanza, zito, akalimimina lote.

Simbebei. Dawa hii inapaswa kuanzishwa na daktari anayemjua mgonjwa, kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, maana hulegeza mwendo wa chakula tumboni na kichefuchefu chake si cha mchezo. Tena kalamu hukaa kwenye friji. Ikitoka nje, joto lisizidi nyuzi 30 wala siku zisizidi 30. Januari ya Mbegani inavuka nyuzi hizo kabla ya adhuhuri, na umeme nao una tabia zake. Wauzaji wa mitandaoni ndio usiwaguse: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari juu ya sindano bandia za Ozempic, ndugu ya Mounjaro, zilizokamatwa Brazil, Marekani na hapahapa Uingereza.

Siipingi sindano. Utafiti wa mwaka 2023 uliofuatilia watu zaidi ya 17,000 wenye unene na ugonjwa wa moyo ulionyesha semaglutide, dawa iliyomo ndani ya Ozempic, ilipunguza vifo vya moyo, shambulio la moyo na kiharusi, vikijumlishwa, kwa asilimia 20. Hilo si jambo dogo. Lakini wale walioiacha katika utafiti mwingine walirudisha ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya uzito walioupunguza. Ni dawa ya kukaa nayo, na mtu wa nyumba mbili lazima ajiulize ataishi nayo nyumba ipi. Mimi nazeekea Mbegani. Kiwanja ninacho na msingi umeshapanda.

Kilichonikera ni jinsi mazungumzo ya sindano yalivyoifunika lehemu yenyewe. Kwa lehemu iko atorvastatin, kidonge cha siku nyingi, cha bei nafuu, kisichohitaji friji. Miligramu 20 kwa siku huishusha lehemu mbaya kwa takriban asilimia 40, zaidi kuliko sindano inavyoishusha. Ndicho nilichoandikiwa, ndicho ninachomeza. Nilipokwenda duka la kulipia, fomu iliniuliza uzito, urefu na kadi ya benki. Kama natumia kidonge hicho haikuuliza.

Ndugu zangu mnaotuma pesa nyumbani kila mwezi, ya sherehe mnatuma, ya bati mnatuma. Tumeni na ya kipimo cha lehemu kwa kila aliyevuka arobaini, kisha pigeni simu muulize majibu. Wifi yangu nimeshamtumia. Kapima, imepanda kuliko yangu, na kidonge ameanza.