Maoni ya Mtazamaji wa Itiryo

Hukumu ya mtu asiyesomea sanaa aghalabu hudharauliwa na walioisomea. Husemwa kuwa yeye hupenda au huchukia tu, bila ya kujua sababu. Walakini chakula hakipikwi kwa ajili ya wapishi, na sinema haitengenezwi kwa ajili ya wahakiki. Kwa hiyo neno la mtazamaji wa kawaida lina haki ya kusikilizwa.

Yuko mwanamke mmoja, mkulima wa mahindi na ulezi, katika Itiryo, wilaya ya Tarime, nchi ya Wakurya. Wakati wa likizo alitazama sinema tatu katika kompyuta ya mpwa wake, mwanafunzi wa chuo, aliyemfasiria maneno ya kigeni. Zote tatu zilipigwa kaskazini mwa Tanzania.

Ya kwanza ilikuwa Hatari!, kazi ya Howard Hawks ya mwaka 1962, ambamo John Wayne anaongoza kundi linalokamata wanyama ili wapelekwe katika bustani za ng'ambo. Aliipenda. Alicheka sana kuona ndama wa tembo wakimfuata msichana wa kizungu aliyepewa jina la Mama Tembo. Aliona ila moja: sinema ina jina la Kiswahili, lakini wenye Kiswahili chao hupita nyuma ya wageni kama vivuli.

"Shangazi, huu ni mchezo tu," alisema mpwa wake.

"Najua ni mchezo," alijibu. "Nauliza mbona sisi hatuchezi."

Ya pili ilikuwa Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti Haipaswi Kufa, ya mwaka 1959. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka katika ndege ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, wakihesabu wanyama. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Sinema ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Mtazamaji wetu alimhurumia baba aliyefiwa, akaisifu bidii yao. Hata hivyo hakuridhika. Grzimek aliamini kuwa hifadhi haifai kukaliwa na watu, na imani hiyo imeienea picha nzima: nyumbu ana haki ya njia yake, mtu ni msumbufu wa nyumbu. Alisema kwamba aliyeweza kuhesabu makundi ya nyumbu kutoka angani angeweza kuhesabu na maboma. Kwa watu wanaoishi jirani na Serengeti, neno hilo si dogo.

Ya tatu ilikuwa In the Name of Your Daughter, yaani Kwa Jina la Binti Yako, ya mwaka 2018, iliyoongozwa na Giselle Portenier wa Canada. Inahusu wasichana wa Mara wanaokimbia ukeketaji msimu wa Desemba, wakapokewa Mugumu na Rhobi Samwelly katika nyumba ya kuwahifadhi. Hapa mfasiri alipumzika, maana wengi wa wasemaji walisema Kiswahili. Tangu mwaka 1998 sheria ya Tanzania imekataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Sinema inaonyesha sheria hiyo ikibisha hodi penye mlango wa mila.

Mtazamaji alikiri kwamba habari ya ng'ombe wa mahari ni kweli tupu. Lakini alisema sinema imeharakisha mahali pamoja. Mgeni ataona tamaa ya baba, asione hofu ya mama. Msichana asiyekeketwa huitwa msagane, na rika lake humcheka kisimani na harusini. Mama huhofu dhihaka hiyo kuliko anavyotamani ng'ombe. Na asiyeijua hofu hiyo hawezi kuiondoa.

Alisema hayo kama mtu aijuaye hofu yenyewe, kwa kuwa ana binti wa miaka kumi na mmoja. Hakuomba kuzitazama tena zile mbili za kwanza. Ya tatu aliomba mpwa aiache nyumbani, ili mumewe aitazame kabla ya Desemba.

Wahakiki wana vipimo vingi vya sinema njema. Kipimo cha mwanamke huyu ni kama inaweza kutazamwa na watu waliomo ndani yake, na kama wakiisha kuitazama watakuwa na neno la kuambiana.