Tangi Jipya, Paipu za Zamani

Ile Peugeot 504 yangu ilipoanza kuzimika njiani, nilibadilisha filta ya mafuta mara tatu. Fundi akaniambia, "Pasta, tangi limeoza kwa kutu ndani." Nikanunua tangi jipya, lakini paipu nikakataa zibadilishwe. Nilikuwa nabana pesa.

Wiki ya pili gari likazima usiku, mama mjamzito akiwa kiti cha nyuma. Lori la maziwa ndilo lililomfikisha hospitalini. Yeye na mtoto wako salama, ila mumewe bado naona haya kumtazama.

Kutu ya zamani ilikuwa imebaki kwenye paipu, ikaziba kabureta. Jana tumezing'oa zote.

Nawe uliyeokoka, ile simu ya ndugu yako mliyekosana, bado huipokei?