Nani Huamka Kwanza?

Chumba cha kawaida Kibera ni futi kumi kwa kumi, yaani kama mita tisa za mraba. Sanduku la lori nililopewa kazi ya kulipanga ndani mwaka huu lilikuwa na urefu wa mita 4.4 na upana wa mita 2.2. Piga hesabu: limeshinda chumba nilichokulia kwa nafasi ya stuli mbili, tatu. Tofauti ni kwamba humo wangelala watu wawili. Sisi tulikuwa sita.

Wenye lori ni mume na mke kutoka Ujerumani, wale wasafiri wanaoizunguka Afrika na nyumba yao mgongoni kama konokono. Mbao za ndani zilikuwa zimeoza kwa unyevu, na jamaa wangu wa kuchomelea vyuma akawaleta kwa kibanda changu hapa Kawangware, karibu na 56. Walikuja na mchoro wa kompyuta, msafi kweli. Hapa kulala, hapa kupika, hapa kula, hapa kuoga. Kitanda kimelazwa nyuma, ukuta hadi ukuta, mtu mmoja ndani na mwingine nje. Nikauangalia, nikauliza, "Nani huamka kwanza?"

Wakacheka. Kumbe mama ndiye huamka saa kumi na moja kutafuta kahawa, na kwenye mchoro amelala upande wa ndani. Kila alfajiri, kwa miaka miwili, angemkanyaga mzee ili afikie birika.

Swali hilo sikulitoa chuo. Nyumba ndogo haipangwi kwa futi, inapangwa kwa saa. Kwa mathe, pale katikati ya chumba palikuwa bafu la mtoto saa kumi na mbili asubuhi, meza ya homework jioni, jikoni saa moja, halafu kitanda chetu wanne saa tatu. Pazia lilitenganisha kitanda cha wazazi. Kitanda chenyewe kiliinuliwa kwa mawe, na chini yake kulikaa masanduku, mitungi ya maji na jogoo, msimu wa jogoo. Baba alipopata kazi ya usiku, ramani yote ilibadilika bila kuhamisha hata kijiko: mchana tulinong'ona tu.

Mambo ya lori nilifunzwa na wenyewe, na si machache. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 300 huwekwa chini kabisa, katikati ya magurudumu, lori lisije likayumba kwenye kona. Chesisi hujipinda ikiingia mashimo. Ukilifunga sanduku kwa bolti ngumu pande zote, litapasuka, ndiyo maana hukalishwa juu ya fremu yake yenye springi. Kabati la gesi linataka tundu sakafuni, si juu, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja, hutambaa chini. Hiyo ya tundu niliipenda. Jioni hiyo nilihamisha mtungi wetu kutoka kando ya kitanda hadi mlangoni.

Kazi ilichukua wiki saba. Kitanda tulikigeuza kikae kwa urefu, kila mtu ashuke upande wake, na meza ikapata bawaba.

Bawaba ndizo zilizoniletea kesi nyumbani.

Mathe alikaa Mashimoni hadi Julai 2018, tingatinga zilipobomoa nyumba Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Watu kwa maelfu walibaki nje. Vitu vyake vyote viliingia kwenye mkokoteni mmoja, safari moja, na mwenye mkokoteni bado alikuwa na nafasi ya kubebea jirani. Akarudi ushago. Sasa magoti yamekataa, kliniki iko mbali, na mimi ndimi kifungua mimba. Anakuja kukaa nasi. Chumba chetu ni kile kile, futi kumi kwa kumi, na tayari tuko wanne.

Nikamchorea kitanda cha kukunjwa ukutani asubuhi, kama meza ya lori. Nikampigia simu kumweleza, na mama watoto akisikiliza.

"Asubuhi kinakunjwa?"

"Ndiyo, mathe. Mchana tunapata nafasi."

"Na mchana nikiwa mgonjwa, mtanikunja nacho?"

Mama watoto akanipokonya simu. "Mama, usijali. Kitakaa chini, na hakitakunjwa."

Kitanda kisichokunjwa ni futi sita kwa mbili na nusu. Tumepima kila ukuta. Kabati ni la vyombo, na kitanda chetu kimeshapanda juu, watoto wako chini yake. Kilichobaki ni sofa ya watu watatu, ile mama watoto aliyoilipia kwa pesa za chama, mwaka mzima, kabla hata ya televisheni. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema iende. Sikumwomba, na sikumkataza.

Mnunuzi anatoka Congo, hapo chini tu, atakuja Jumamosi na mkokoteni. Ameuliza kama bei ni pamoja na vitambaa.

"Mwambie vitambaa haviuzwi," akasema, akivikunja. "Vya kitanda cha mama."