Siri za Kitochi

Kila msimu wa korosho, nikiwa Masasi, humpigia simu mama yangu aliyeko Newala. Hunitajia malipo yake kwa sauti kubwa, kana kwamba ananiita kutoka ukingoni mwa Uwanda wa Makonde.

Kinga ya simu za kizazi cha pili, A5/1, ilibuniwa mwaka 1987. Ufunguo wa biti 64 huzaa mkondo wa sifuri na moja, ukachanganywa na sauti. Mnara huzalisha mkondo uleule na kuuondoa. Mwaka 2009 Karsten Nohl alitangaza majedwali ya kuivunja.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 humlinda mama sawa na mwenye simujanja, hewani hawalingani. Nilimnunulia simujanja. Amekataa: kitochi, asema, hukaa na chaji siku nne.