Pasta Alisema "Washa"

Leo nina jambo la kukiri mbele yenu.

Jumamosi iliyopita kijana wetu mmoja alileta mashine yake ya presha tuoshe ukuta na viti vya kanisa. Ameinunua kwa mkopo wa chama. Anaosha nayo magari na pikipiki kando ya barabara. Ndiyo karo, ndiyo unga. Tukafungua mfereji. Kavu! (Mnaujua mfereji wetu.) Tukanunua mitungi kumi ya lita 20 kwa mtu wa mkokoteni, tukajaza pipa.

Nikadhani yamekwisha: tumbukiza mpira, washa. Kijana akasema, "Pasta, ningoje kidogo." Akaanza kutafuta mawe ya kuinulia pipa. Akanieleza kwamba mfereji huyasukuma maji yenyewe, lakini pipa likiwa chini halisukumi kitu. Mashine yake hutema kwa nguvu sana, ila kuvuta ni shida. Lazima mpira ujazwe maji kwanza, hewa yote itoke, na ncha ifungwe chujio isinyonye uchafu wa chini. La sivyo pampu inazunguka kavu, na maji ndiyo huipoza.

Nikatazama saa. Waimbaji walikuwa njiani. Nikamwambia, "Kijana, kwani huna imani? Washa."

Akaniangalia. Akawasha. Mashine ikakohoa, ikatetemeka, ikatema hewa tupu. Alipotaka kuizima nikasema iache, itashika. Ikaanza kupiga kelele kama chuma kinachosagwa. Alipoizima, tulimimina maji, na yote yakavuja chini ya pampu.

"Ni sawa, Pasta," akasema. Wapendwa, hiyo "ni sawa" imeninyima usingizi. Angekuwa mwenzake amesema washa, angemkatalia. Mimi aliniheshimu.

Fundi alisema sili zimeungua. Nililipa kutoka mfuko wangu, si sadaka. Lakini siku tatu alizokaa bila kazi, na watoto wanakula, nani atazirudisha? Nilimwomba msamaha mbele ya mkewe.

Leo asubuhi amerudi. Ameinua pipa juu ya mawe, akajaza mpira, akafungua maji yapite kwenye mashine kabla ya kuiwasha, mpaka mapovu ya hewa yakaisha. Ndipo akawasha. Pipa zima liliisha chini ya nusu saa, tukajaza lingine.

Mitungi nilibeba mimi.