Kutoka Miritini Hadi Njoro: Safari ya Kumpeleka Binti Chuo Kikuu

Kwa familia nyingi za Mombasa, mwaka wa kwanza wa chuo kikuu huanzia stesheni ya Miritini. Matokeo ya KCSE yakishatoka na KUCCPS wakishampangia mwanafunzi nafasi, barua huja na jina la mahali ambapo pengine hakuna hata mmoja katika ukoo aliyewahi kulala. Kwetu sisi jina hilo lilikuwa Njoro. Ramani ilituonyesha mji mdogo ulio kusini-magharibi mwa Nakuru, kwenye miinuko inayopanda kuelekea Mau, na Chuo Kikuu cha Egerton kikiwa kilomita chache mbele yake. Nyanya wa binti yetu aliitazama ile ramani kwa muda, kisha akauliza swali moja tu: "Na bahari iko wapi?"

Hakuwa akifanya mzaha. Binti mwenyewe, kwa miaka 18 aliyoishi, hakuwahi kulipa nauli yake kwenda mbali zaidi ya Likoni upande mmoja na Mtwapa upande wa pili, na kila mara alikuwa na kaka au khalati ubavuni. Tulimwendea shekhe wetu tukamuuliza juu ya mtoto wa kike kusafiri na kukaa mbali kwa ajili ya elimu, akatusikiliza na kutupa masharti, nasi tukayafuata. Masharti hayo hatuyaandiki hapa, kwa kuwa maulamaa wana kauli zao katika suala hili na kila familia ina mwanachuoni wake wa kumwendea. Ila tunasema hivi: aende kuulizwa mapema, kabla ya kununua sanduku, si usiku wa kuamkia safari wakati kila mtu ana hasira.

Katika mashauriano ya nyumbani tuliafikiana jambo ambalo liliiongoza safari yote. Ada ya Kiislamu ni kuwa wasafiri wakiwa watatu au zaidi humteua mmoja wao awe amiri. Babake alibaki kuwa amiri wetu, lakini mambo ya njia aliyakabidhi kwa binti: tikiti, nauli, kuuliza njia, kuhesabu mizigo. Sisi wengine tungekuwa abiria wake. Tulifikiri kwamba siku atakayorudi likizo atairudia njia hii bila ya sisi, na ni afadhali ajifunze tungali karibu naye.

Safari yenyewe ilitanguliwa na wiki kadhaa za karatasi. Barua ya kuitwa chuoni, matokeo ya KCSE, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, picha ndogo, fomu ya daktari: vyote viliwekwa katika jalada moja, vya asili upande huu na nakala upande ule. Kitambulisho ndicho kinachowakwamisha wengi wa kwetu, na anayekiombea mtoto siku anapotimiza miaka 18 hujiepusha na mashaka mengi, maana bila ya hicho hata ombi la ufadhili haliendi mbele. Na juu ya ufadhili, mzazi ni vizuri aelewe kabla ya kuhesabu. Katika mfumo ulioanza 2023, gharama za masomo zinagawanywa mafungu matatu: msaada wa serikali usiorudishwa, mkopo, na mchango wa familia, kulingana na hali ya nyumba anakotoka mwanafunzi. Mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza huwa na riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Neno hilo riba halipiti kinywani mwetu kirahisi. Zipo familia zilizouza kiwanja ili kuliepuka, na zipo zilizochukua mkopo kwa fatwa ya dharura. Sisi tulichangishana: ammi zake wawili, khalati wa Nairobi, na kikundi cha akina mama ambacho mamake amekuwa akiweka pesa tangu binti alipokuwa darasa la sita. Anayeona mlango huo umefungwa na awaulize wahusika wa bodi kama ipo njia inayofuata sharia, na aulize muhula haujaanza.

Asubuhi ya safari tuliondoka nyumbani mara baada ya alfajiri. Tikiti binti alikuwa ameshazilipia kwa simu, na pale stesheni akazichapisha mwenyewe kwenye mashine. Jambo moja wasiolijua huwashtua: kabla ya kuingia, mizigo hupangwa chini kwa mstari na mbwa wa usalama hupita akiinusa. Kina mama wenye vikapu vya mahamri na viazi karai na wavifunge ndani ya ndoo yenye kifuniko, roho zitulie.

Treni hii ya Madaraka, iliyozinduliwa 2017, huchukua kama saa tano kufika Nairobi ikiwa haisimami sana njiani. Yetu ilikuwa ile inayosimama. Mariakani, Miasenyi, Voi: minazi ilibaki nyuma mapema mno, ikaja mibuyu, nayo ikaadimika, kisha nyika ya miiba na udongo mwekundu wa Tsavo. Tembo tuliowaona dirishani walikuwa wekundu kama udongo wenyewe. Baada ya Mtito Andei na Kibwezi nchi huanza kupanda kwa namna ambayo jicho halioni ila masikio huhisi, na ukifika Nairobi umepanda zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Binti alikuwa na daftari ambamo aliandika jina la kila stesheni na saa ya kufika. Nyanya yake ndiye aliyemtuma afanye hivyo. Alitaka kusomewa kwa simu jioni, ajue mjukuu wake amepita wapi.

Usiku ule tulilala kwa khalati yake Islii. Nyumba ya jamaa katikati ya safari ndefu ni neema isiyokadirika, na kwa mwanafunzi si ya usiku mmoja tu. Tulimkalisha binti na khalati yake wakakubaliana: akija Nairobi atalala hapa, si kwingine, na atapiga simu kabla ya saa kumi jioni siku ya safari. Khalati alimfungulia kabati, akamtolea sweta mbili nzito na koti. Sisi wa pwani huenda dukani kununua kijifulana chepesi tukadhani tumejiandaa kwa baridi.

Siku ya pili tulipanda matatu ya Nakuru, mwendo wa kilomita kama 160. Baada ya Limuru barabara hufika ukingoni mwa Bonde la Ufa, na ghafla ardhi yote iko chini yako: mashamba, mji mdogo huku na kule, na mlima Longonot umesimama peke yake na kinywa chake kipana. Abiria waliozoea hawakuinua hata macho. Sisi tulisema Subhanallah kwa pamoja, na kijana aliyekaa mbele akageuka kutuangalia. Naivasha, Gilgil, kisha ziwa la Elementaita likimeta kushoto, na mwishowe Nakuru, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Hapo stendi ndipo tulipoona matunda ya makubaliano yetu. Wapiga debe walimvamia babake, mtu mzima mwenye kofia, naye akawaonyesha binti kwa kidole. Alisita kidogo, akamwuliza mama aliyekuwa akiuza ndizi nauli ya Njoro ni kiasi gani, ndipo akaiendea gari. Hakuna aliyemzidishia.

Njoro iko juu zaidi ya Nakuru, na chuo kiko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Mahali hapo palianza 1939 kama shule ya kilimo ya walowezi, iliyoasisiwa na Bwana Maurice Egerton, kikawa chuo cha kilimo na hatimaye chuo kikuu kamili 1987. Mpaka leo ukulima ndio unaoipa sura yake: mashamba mapana, ng'ombe wa maziwa, safu za miti mirefu, na upepo unaoshuka kutoka Mau ukiwa na harufu ya majani mabichi. Ni mahali pazuri. Tunalisema hilo kwa sababu wazazi wengi hurudi pwani wakisimulia baridi tu, na mtoto aliyebaki huko akasikia kana kwamba ametupwa.

Lakini baridi ipo, na inagusa ibada. Maji ya bomba alfajiri huuma mifupa, na kijana aliyelelewa kwa maji ya kisima ya Mombasa anaweza kuanza kuchelewesha udhu, kisha sala, pasi na kukusudia. Kwa hiyo tulimnunulia birika la umeme, tukamwambia aulize kwanza kama linaruhusiwa chumbani, na chupa kubwa ya kuhifadhi maji moto endapo haliruhusiwi. Babake alimfundisha tena mlango wa kupaka maji juu ya khufu, zile soksi za ngozi: kuvaliwa juu ya tohara kamili, na muda wake kwa mkaazi mchana na usiku mmoja, kwa msafiri siku tatu. Ni mlango tunaousoma madrasa kisha tunausahau kwa kuwa jua letu halituhitajishi.

Na ziko tofauti ndogo ambazo mzazi hazifikirii. Mombasa iko karibu kabisa kusini mwa Makka, kwa hiyo tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Njoro iko magharibi zaidi, na kibla huko huinamia mashariki kwa takriban nyuzi 10. Jua nalo huchelewa: magharibi ya Njoro huingia kama robo saa baada ya yetu, dakika zikipungua au kuongezeka kwa majira. Anayefunga sunna akafuturu kwa adhana ya redio ya pwani atakuwa amekula kabla ya wakati. Binti aliibadili simu yake palepale mbele yetu, ikawa na saa za Nakuru.

Siku ya kujiandikisha tulikaa kwenye nyasi pamoja na wazazi wengine, Wakalenjin, Wakikuyu, Waluhya, na mzee mmoja Msomali aliyetoka Garissa na mwanawe wa kiume. Binti alipanga foleni akiwa na jalada lake. Mara mbili alitugeukia kwa macho, na mara mbili mamake alijifanya anafunga kamba ya kiatu. Alipomaliza, alitujia na dada mmoja wa mwaka wa tatu, mwenye mtandio mweusi na sauti ya Kilamu, ambaye alikuwa amemwona katika foleni akamsalimia. Vyuo vikuu vingi vya umma vina jumuiya ya wanafunzi Waislamu, na watu wa jumuiya hizi ndio wajuao yasiyoandikwa katika barua ya chuo: wapi pa kusalia baina ya vipindi, nyama ya hoteli ipi inaaminika, mwalimu yupi huelewa ukimwomba ruhusa mapema. Tunawashauri wazazi waitafute namba ya jumuiya hiyo nyumbani, kabla ya safari, kupitia kijana yeyote wa mtaa anayesoma huko.

Pesa za matumizi hatukumwachia zote. Tulizigawa kwa wiki, zitumwe kwa simu kila Jumapili, na tukaelezana waziwazi juu ya mikopo ya simu na michezo ya kubahatisha, ambayo huwanasa vijana wa dini zote na hasa wale waliopewa fungu la muhula mzima siku moja. Tulikubaliana pia kuwa akiishiwa atasema, na hatutamkaripia kwanza. Hili la mwisho lilikuwa gumu zaidi kwa upande wetu kuliko wake.

Chumbani alimkuta mwenzake kutoka Bomet, ambaye ameleta redio, sufuria na picha ya mamake. Tuliwapa mahamri, naye akatupa maziwa ya mursik ndani ya kibuyu. Mama yetu alionja kwa adabu, akasema ni dawa.

Tuliagana kabla ya alasiri ili tusiingie Nakuru usiku. Hakulia, wala sisi hatukulia mbele yake. Usiku wa kwanza alipiga simu mara tatu, wa pili mara moja, na wa tatu tuliingoja simu mpaka saa nne, nyanya akiwa amekaa na tasbihi yake asikubali kulala. Alipopiga alisema alikuwa amekwenda kusali isha na wenzake, kisha wakakaa kusikiliza darsa. Akaomba azungumze na nyanya. Nyanya alimwuliza kama amevaa sweta, akamsomea dua, akamrudishia mamake simu na kuingia kulala bila ya neno.

Likizo yake ya kwanza ni Disemba. Ameshatuandikia saa za treni na kutuambia tusimfuate Nairobi. Anataka tu kujua kama khalati yake atakuwepo Islii Ijumaa hiyo.