Mbeya kwa IST, na Ubishi wa Oili

Ukitangaza kwamba unaendesha mwenyewe kutoka Dar mpaka Mbeya, tena kwa IST, mtaa mzima unageuka gereji. Mwenye duka aliniambia nibebe maji ya rejeta. Jirani aliniuliza kama wa nyumbani wanajua. Fundi wangu wa Tabata, akiwa bado kalala chini ya gari, alitoa hukumu: "Dada, kule kuna Kitonga. Hii thelathini ikipata moto inakuwa maji. Nikuwekee 20W-50, ulale usingizi."

Nilikataa, ingawa fundi huyo namheshimu. Gari lilikuja kutoka Japani na kitabu chake ndani ya droo ya mbele. Kitabu chote ni Kijapani, ila namba hazihitaji mkalimani: 5W-30, lita 3.7 ukibadilisha pamoja na filta. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva imebaki stika ya gereji ya huko, imeandikwa H27, mwaka wa 27 wa enzi ya Mfalme Akihito, yaani 2015, na kilomita zake pembeni. Aliyelitunza kabla yangu alikuwa anahesabu. Sikuona kwa nini mimi nianze kubahatisha nikiwa na zaidi ya kilomita 800 mbele.

Tulitoka kabla ya alfajiri, mimi na mjomba, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye malori ya Tunduma. Naye alikuwa upande wa fundi. "Mwanangu," alianza hata Chalinze hatujafika, "sisi tulikuwa tunaweka 15W-40 na mzigo wa tani thelathini unapanda." Simbishii. Lori lake lilikuwa la dizeli, injini kubwa, na oili hiyo ndiyo yake. IST yangu ina injini ya 1NZ-FE ya lita moja na nusu. Nafasi ambamo oili inapita kati ya kranki na beringi zake ni nyembamba kuliko unywele, na oili hiyohiyo ndiyo inayosukumwa kwenye vitundu vidogo vya VVT-i ili kusogeza muda wa valvu. Ukiiletea oili nzito kuliko ilivyotengenezewa, pampu inahangaika, mafuta yanaliwa zaidi, na VVT-i inachelewa kuitikia. Haitakufa kesho, la hasha. Lakini kilichoongezeka ni nini?

Hoja ya fundi ni joto, na joto ndilo namba ya pili inalolisemea. SAE, jumuiya ya wahandisi iliyoanzia Marekani, ndiyo iliyopanga namba hizi. Namba iliyo baada ya W inatokana na kipimo cha oili ikiwa kwenye nyuzi 100: ya 30 inakaa kati ya 9.3 na 12.5 kwa kipimo chao, ya 50 inaanzia 16.3. Kwa hiyo hiyo "maji" ya fundi imeshapimwa ikiwa ya moto. Na injini haijui sana kama nje ni Chalinze au Makambako. Thamostati inayashikilia maji yake karibu na nyuzi 90 kokote uendako, mradi rejeta ni nzima.

Morogoro tulipita bila kusimama. Mikumi unakwenda taratibu upende usipende, maana barabara inakata katikati ya hifadhi na twiga hawajui kibao cha mwendo. Baada ya hapo nchi inabadilika, mibuyu inaanza, na Ruaha Mbuyuni vijana wanakukimbilia na vitunguu kabla hujazima gari. Mjomba alinunua, halafu akaniambia nishushe gia mapema, nisisubiri gari lianze kulia. Ushauri huo niliuchukua wote.

Kitonga yenyewe ni barabara nyembamba iliyobandikwa ubavuni mwa mlima, huku korongo, huku mwamba. Nyuma ya semi-trela lililosheheni tulipanda kwa mwendo wa mtu anayekimbia, gia ya chini, kiyoyozi nimekizima. Macho yangu yalikuwa kwenye taa mbili tu, ya joto na ya oili. Hakuna iliyowaka. Huko juu Ilula, kwenye mafungu ya nyanya, niliegesha pahali tambarare, nikasubiri dakika kadhaa oili ishuke kwenye sampu, nikachomoa kijiti, nikakifuta, nikakichovya tena. Oili ilikuwa pale ilipokuwa Dar, kati ya alama mbili. Mjomba akaisugua kati ya vidole. "Imeshakuwa nyeusi hii." Imekuwa nyeusi kwa sababu inasafisha, oili inayobaki kama asali mwezi hadi mwezi ndiyo ingenitia wasiwasi.

Iringa, Mafinga na misonobari yake, Makambako, hapo tulikuwa tunakwenda tu. Mbeya tukaingia usiku.

Ilikuwa Julai, na asubuhi za Mbeya mwezi huo hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo ndipo namba ya kwanza, ile ya kabla ya W, inapokuwa na la kusema. Oili ya 5W hupimwa kama injini itazunguka kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 20W kwenye 15 chini ya sifuri. Mbeya haifiki huko, kwa hiyo hata 20W-50 ingewasha. Ila nyepesi inawahi kufika juu kwenye kemshafti, na sekunde hizo za mwanzo ndizo injini inapolika.

Jambo ambalo safari ilinifundisha zaidi lilikuwa la ratiba. Fundi alitaka nikirudi tu nimwage oili, eti imechoka na milima. Tupige hesabu. Ukienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa, kilomita 5,000 ni saa 83 za injini. Foleni ya Buguruni kwa kilomita 10 kwa saa, kilomita zilezile 5,000 ni saa 500, nyingi zikiwa za kusimama injini ikinguruma. Dashibodi haihesabu hizo. Kwenye safari fupi za dukani injini haipati hata moto wa kukausha unyevu na petroli inayovuja kuingia kwenye oili. Toyota kwa soko la Japani husema kilomita 15,000 au mwaka mmoja, lakini vumbi, milima, safari fupi na kusimamasimama vinaikata hiyo nusu: 7,500 au miezi sita. Mwenye gari Dar yuko kwenye kundi la pili hata kama hajawahi kuiona Kitonga.

Langu linapata 5W-30 kila kilomita 5,000 au miezi sita, kinachotangulia. Injini iliyochakaa na inayokula oili ina mjadala wake, pengine ya 40 itaifaa. La kwako fungua kitabu chake kwanza, nunua oili duka unaloliamini, vunja mwenyewe kifuniko cha dumu, na likiisha litoboe kabla ya kulitupa, maana madumu matupu yana wateja wao.